Mpango wa maji wa miaka mitano na hata wiki ijayo hatuijui, mnapangaje?

binti_mtopanga

Asalaam aleikum wana jamvi, mnisamehe ni refu kidogo. Mimi ni mweka hazina wa ploti yetu hapa Mtopanga, Mombasa, nyumba 24, na kikao kilichopita nimetwikwa kazi ya kuandika mpango wa maji wa miaka mitano. Mpango kama huo tuliwahi kuandika 2021. Tulipiga hesabu kwamba mfereji watoka siku tatu kwa wiki, tukachanga, tukanunua tangi la lita elfu kumi. Miezi sita ya kwanza raha tupu. Kisha ploti ya nyuma nao wakaeka tangi, wa ng'ambo ya barabara wakaeka mawili na pampu ya kuvuta juu, na sasa siku ya maji ukifungua mfereji pale uwani wasikia hewa tu, fyuuu, halafu matone, na pampu ya jirani yanguruma mpaka saa nane usiku. Asubuhi tangi letu liko robo.

Sasa kuna wanaotaka tununue pampu kubwa kushinda ya jirani, kuna wanaotaka tuchimbe kisima tuachane na mfereji kabisa, na kuna mzee wetu asema tungoje bwawa la Mwache kule Kwale likiisha shida itaondoka yenyewe. Kila mmoja nikimsikiliza naona ana haki. Nitaandikaje miaka mitano na sijui kama Ijumaa maji yatatoka? Na kinachoniuma zaidi, mbona mpango uliokuwa mzuri umetugeuka hivi?

fundi_pampu

Waleikum salaam dada. Hesabu yenu ilikuwa sawa, ila mlihesabu kama kwamba majirani watakaa vile vile miaka yote. Mimi kazi yangu ni kufunga pampu, haya nayaona kila wiki. Bomba la mtaa ni moja. Nyinyi mkieka tangi kubwa, siku ya maji mwavuta kwa wingi saa zile zile wenzenu wavuta, presha yashuka, jirani akiona yashuka anunua pampu, akinunua presha yashuka kwenu, mwaniita niwafungie ya hospawa kubwa zaidi, na kesho jirani aniita tena. Kila nyumba imefanya jambo la busara kwake na mtaa mzima umezidi kukauka. Maji hayajapungua hata dumu moja, ni vile twayagombania.

Na jingine, bomba likiwa halina maji ya kutosha na pampu iko kwa nguvu, lafyonza kupitia kwenye nyufa, na mabomba mengine yapita ubavuni mwa mitaro. Nimeshafungua chujio la mteja nikakuta tope jeusi lanuka. Nasema hivi na pampu ndio mkate wa watoto wangu, msinunue.

Mzee_wa_Visima

Mwanangu, na kisima usikikimbilie. Sisi tuliochimba pwani hii twajua maji matamu huku yameelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya maji. Hesabu ya kawaida kwenye ardhi kama yetu ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za matamu ndipo ufike kwenye chumvi. Sasa geuza hiyo hesabu, ukivuta mpaka maji yashuke mita moja, ile chumvi yapanda mita 40. Lakini yapanda polepole sana. Mwaka wa kwanza wanywa chai, wa pili wanywa chai, wawaambia majirani nao wachimbe, wa tatu sabuni haitoi povu na ufuaji umekuwa kazi. Ukifika hapo hata ukizima pampu leo, utamu haurudi kesho wala mwaka kesho. Na humo mnamojaa vyoo vya shimo, hata yakiwa matamu si ya kunywa.

Wenye kisima cha zamani cha chumvi ni sawa, tumieni kwa vyoo na kupiga deki. Kipya cha kunywa, la.

karani_wa_bandari

Mimi niko kliaringi, kazi ya kutoa mizigo ya meli hapa bandari ya Kilindini, na kwetu ukipanga kwa tarehe moja tu ya meli umeumia, kwa hivyo swali lako la kuandika bila kujua nalielewa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya mafuta ya Shell ilikuwa na Mfaransa mmoja, Pierre Wack, yeye na wenzake waliacha kutabiri bei moja wakawa waandika hadithi kadhaa za vile mambo yaweza kwenda, moja ikiwa nchi zenye mafuta zimekaza mkono. Vita vya Waarabu na Israeli vya Oktoba 1973 vilipokuja, pipa likatoka kama dola 3 likakaribia 12 mwanzo wa 1974. Siku hawakuijua, lakini ile hali walikuwa wameshaiwaza mpaka mwisho, na waliokuwa na tarakimu moja tu ndio walioduwaa.

Fanya hivyo kwa ploti yenu. Hadithi ya kwanza, mambo yaendelea kama sasa. Ya pili, mfereji wakauka miezi miwili, na hili si la ajabu kwa sababu maji ya Mombasa yatoka nje, Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na ya Baricho yasukumwa kwa stima, stima ikipotea kule wewe huku wakauka na kumenyesha. Ya tatu, Mwache imeisha na maji ni tele. Kisha kila wazo ulipitishe kwenye zote tatu. Pampu kubwa yafaa kidogo kwenye ya kwanza, kwenye ya pili haina cha kuvuta, ya tatu haina kazi. Mkopo wa kisima, ya tatu ikitokea mwalipa deni la kitu hamkihitaji.

Maji ya mvua ya kukinga paani yafaa kwenye hadithi zote tatu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1, kwa hivyo paa la mita mraba 200 mvua ikipiga milimita 100 ni lita elfu 20, tangi lenu mara mbili. Na Mei hapa hushinda hiyo.

mwana_wa_likoni

Yote mazuri lakini mwamtwika mwananchi mzigo usio wake. Mabomba yavuja barabarani wiki nzima na mtu ajadili magata ya kukinga mvua! Andikeni na barua ya kudai yazibwe, muiweke kwenye huo mpango.

binti_mtopanga

Barua naiandika, ahsante ndugu. Nimesoma zote mara mbili na nimempigia mweka hazina wa ploti ya nyuma, kumbe nao bili ya stima ya pampu yawatesa. Amekubali tukae Jumamosi na wale wa ng'ambo, tujaribu zamu miezi mitatu, siku ya maji kila ploti saa zake na pampu zote zimezimwa, tuandike kila asubuhi tangi limefika wapi, isipofaa tunaacha. Miaka mitano nitaandika kurasa mbili tu na tarehe za kuiangalia upya, kabla ya masika na kabla ya vuli. Fundi, magata ya bati mwapimaje, na maji ya mvua ya kwanza yaingie tangini?

fundi_pampu

Yasiingie dada, yana mavi ya kunguru na vumbi la jua lote. Weka bomba la kusimama kabla ya tangi, lenye kifuniko chini cha kufungua, lijae kwanza yale machafu ndipo safi yapite juu. Jumamosi nipo Bamburi, nitapita nipime, kupima sitozi.