VLAN (mitandao tofauti ndani ya swichi moja) nimegawa lakini wageni bado wanaiona printa ya ofisi

mzee_wa_ilazo: Wakuu habari za jioni. Nina kalodge ka vyumba 14 hapa Ilazo, Dodoma, vikao vya Bunge vikianza tunajaa, sasa juzi printa ya mapokezi ikaanza kutema karatasi yenyewe, kuangalia ni orodha ya michango ya harusi, mgeni wa chumba namba 6 kaprinti kwa simu. Nikacheka ila nikawaza, kama printa anaiona basi na kompyuta ya mhasibu anaiona.

Nikanunua swichi ya TP-Link ya poti 24, ile ya kuingia kwa brauza. VLAN 10 ofisi poti 1 hadi 8, VLAN 20 wageni na waifai yao poti 9 hadi 16, poti 24 inaenda kwenye rauta ya MikroTik ina tagi (alama ya namba ya VLAN) zote mbili. Kwenye rauta nimeweka VLAN zote na DHCP (ya kugawa IP) zake, lakini simu za wageni bado zinachukua IP za 192.168.88 kama zamani. Nakosea wapi?

mgogo_og: Mbukwenyi, nasalimu Kigogo. Hiyo harusi ulichangia lakini?

fundi_swichi: Mkuu PVID (namba ya VLAN ambayo poti inaipa data isiyo na tagi) umegusa? Simu haijui habari za VLAN, inatuma data haina tagi, swichi ikiipokea inaangalia PVID ya ile poti ndio inajua iitupie wapi. Ukiiacha 1, hata uandikishe poti kwenye 20 mara mia data inaingia VLAN 1, inatoka poti 24 bila tagi na rauta inaijibu kwa DHCP yake ya zamani. Poti 9-16 weka PVID 20, 1-8 weka 10, halafu zote zitoe VLAN 1. Ila poti 23 iache humo humo uchomeke laptopu yako, mimi nilishajifungia nje ya swichi huko Mtumba, iko juu ya dari, nikapanda ngazi na kijiti cha meno kubonyeza riseti.

mzee_wa_ilazo: Zimekubali, wageni wanapata 192.168.20 sasa! Ila nikiwa waifai ya wageni nikiiping (kuijaribu kama inafikika) printa 192.168.10.5 bado inajibu??

dada_wa_mitambo: Hapo swichi imemaliza kazi, anayewakutanisha ni rauta. MikroTik ukiipa mitandao miwili inaipitishia data mpaka uikataze. Nenda fayawoli, forward (data inayopita ndani ya rauta), kutoka 192.168.20.0/24 kwenda 192.168.10.0/24, drop (itupe), sheria hiyo uiweke chini ya ile ya established (inayopitisha majibu ya mawasiliano yaliyokwisha kuanza) ili ofisi iendelee kuwafikia wageni ikitaka. Na hiyo ping izime uanze upya, isije ikapita kwa ruhusa ya zamani.

mzee_wa_ilazo: Kimya, timeout tupu. Dada ubarikiwe.

mzee_wa_ilazo: Wakuu nimerudi. Umeme ulikatika usiku, asubuhi hii wageni wako 192.168.88 tena na printa wanaiona 😭

fundi_swichi: Hukusevu. Apply inaishi mpaka umeme ukatike, kwenye menyu ya swichi kuna Save Config.

mzee_wa_ilazo: Nimekoma. Niko poti ya 3 narudia moja moja, chai imeshapoa.