Ardhi ya Waaborijini isiyouzika: ni haki au ni kifungo?

Mleta mada:

Wakuu, salaam.

Juzi nimebishana na shemeji yangu hadi chai ikapoa. Yeye hoja yake ni hii: Australia imewarudishia Waaborijini, wenyeji wake wa asili, karibu nusu ya eneo zima la Northern Territory kule kaskazini, sasa mbona bado ni maskini? Akajijibu mwenyewe: kwa sababu ardhi ile hairuhusiwi kuuzwa wala kuwekwa rehani. "Shamba nisiloweza kulipeleka benki," akasema, "umenipa mandhari." Nilicheka, ila sikukubali. Nawaletea na ninyi.

Tuanze mbali kidogo, maana bila hapo tutabishana hewani. Mwingereza alipotia nanga Sydney mwaka 1788 kuanzisha koloni la wafungwa hakununua, hakukodi, hakuandikiana na mtu. Nchi nzima ilihesabiwa ni ya Mfalme, kana kwamba haikuwa na mwenyewe. Kisha gavana akaanza kugawa. Mfungwa aliyemaliza adhabu yake alipewa eka 30, akiwa na mke anaongezewa 20, na kwa kila mtoto 10. Mwizi wa leso wa London anatoka kifungoni anakuwa bwana shamba.

Mwaka 1835 John Batman alikwenda ilipo Melbourne leo akaandikiana na wazee wa Kulin, Waaborijini wa pale, akawaachia mablanketi, visu, vishoka na unga kwa ardhi isiyo na kifani. Utapeli mtupu. Lakini Gavana Bourke hakuubatilisha mkataba ule kwa sababu ya utapeli. Aliubatilisha kwa sababu kuukubali kungekuwa kukiri kwamba wazee wale walikuwa na kitu cha kuuza.

Kuna habari moja ndogo ambayo huwa hainitoki. Mwaka 1816, mwaka ambao wanajeshi walitumwa kuwasaka Waaborijini porini, Gavana Macquarie aliwaahidi Waaborijini wawili, Colebee na Nurragingy, kipande cha ardhi panapoitwa Blacktown sasa. Ilikuwa zawadi kwa Nurragingy kwa uaminifu wake kwa serikali. Eka ngapi? 30, tena za kugawana. Mwenye nchi amepimiwa kwa kibaba cha mfungwa, na hapo ametunukiwa.

Ndiyo maana neno "kupewa" linanikera katika mjadala huu. Tazameni ile picha mashuhuri ya Agosti 1975. Waziri Mkuu Gough Whitlam, suti imemkaa, anamimina mchanga mwekundu kwenye kiganja cha mzee Vincent Lingiari wa Wagurindji. Miaka tisa kabla, Agosti 1966, Lingiari na wenzake waliokuwa wakichunga ng'ombe wa kampuni ya Vestey ya Uingereza, shamba la Wave Hill, waliacha kazi wakaondoka na wake na watoto, wakapiga kambi Wattie Creek. Wazungu walidhani ni mgomo wa mishahara. Kumbe watu wanaidai nchi.

Picha yenyewe ilirudiwa. Tukio lilikuwa kivulini, mpiga picha Mervyn Bishop, naye ni Muaborijini, akawaomba watoke juani walifanye tena ili rangi ya anga ionekane. Sawa, kazi ya picha ni hiyo. Ila kilichokabidhiwa siku ile pamoja na mchanga kilikuwa karatasi ya upangaji. Hati ya umiliki kamili waliipata mwaka 1986. Mchanga kiganjani, upangaji mfukoni!

Sheria inayobishaniwa ni ya mwaka 1976. Kwa sheria hiyo ardhi inashikwa na bodi ya wadhamini kwa niaba ya wenyewe wa jadi, haiuzwi milele, na wenyewe wanaweza kukataa wachimbaji wasije kutafuta madini. Inapendeza. Lakini madini yaliyo chini si yao. Tena sheria hiyohiyo ililiondoa eneo la Ranger, kwenye urani, katika haki ya kukataa. Wamirarr, wenye pale, walikuwa wamekataa. Mgodi uliendeshwa kuanzia 1980 hadi 2021.

Kwa hiyo shemeji, ukiniuliza kwa nini ni maskini, mimi sianzi na benki. Naanza na nani amechukua cha chini.

Hoja karibuni. Matusi pelekeni kwingine.

—

Mchangiaji wa pili:

Mkuu, umeandika vizuri ila umelikwepa swali la shemeji yako. Yeye hajasema Mwingereza alikuwa na haki. Anauliza kijana wa Kiaborijini wa leo, mwenye ajira, anataka kujenga nyumba yake mwenyewe katika kijiji cha ukoo wake. Anajenga juu ya nini? Ardhi ni ya wote, kwa hiyo karatasi ya jina lake hakuna. Nyumba inakuwa ya serikali, yeye mpangaji, bomba likipasuka anasubiri fundi atoke mjini kwa kilomita mia kadhaa. Huo ndio uhuru?

Na si wazungu tu wanaosema hivyo. Sheria ilibadilishwa mwaka 2006 ili kijiji kizima kiweze kupangishwa kwa miaka 99, halafu mtu akapata kiwanja chake ndani yake. Kijiji cha Nguiu, visiwa vya Tiwi, kilikuwa cha kwanza kusaini, 2007. Waliosaini ni wenyewe. Ukisema hawakujua walifanyalo, umeshakuwa Bourke na wewe.

—

Mleta mada:

Hapo umenipiga, nakubali nililikwepa. Lakini angalia wanasaini na nani: ofisa wa serikali ndiye anayeshika mkataba wa kijiji, halafu yeye ndiye anayempangishia mwenye kijiji. Miaka 99 ni vizazi vinne. Na shule, maji, nyumba ni vitu ambavyo raia mwingine wa Australia anapata bila kuambiwa kwanza alete ardhi mezani.

—

Mchangiaji wa tatu, Kajiado:

Naomba niingie kama Mmaasai, maana haya tumeyapitia. Sisi tulikuwa na ranchi za pamoja, zikaja kelele hizihizi: gawaneni, kila mtu na hati yake, mkakope, mkajenge. Tukagawana. Baba yangu alipata kipande chake, hati ikakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Ada ya shule ikauza ekari ya kwanza. Hospitali ikauza ya pili. Leo nikisimama pale boma lilipokuwa naona mawe ya mipaka ya ploti, hamsini kwa mia, na nyaya. Ng'ombe wa jirani hawana pa kupita kwenda mtoni.

Hakuna aliyetudanganya, mkuu. Kila mauzo yalikuwa na sababu nzuri. Hiyo ndiyo shida yake. Ardhi inayouzika inauzwa siku mtu ana dhiki, na sisi dhiki ndiyo ilikuwa nyingi.

—

Mchangiaji wa pili:

Pole sana, ndugu. Lakini mzee aliuza akapeleka watoto shule. Asingeweza kuuza mngesoma kwa nini?

—

Mchangiaji wa tatu, Kajiado:

Nimesoma, ndiyo. Ndio nakuandikia hapa, kutoka chumba cha kupanga.

—

Mchangiaji wa nne, Perth, Australia:

Habari zenu. Naishi huku mwaka wa kumi na moja, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mnazungumzia kaskazini tu, ambako ardhi nyingi ilikuwa bado haijagawiwa wazungu. Huku kusini ni hadithi nyingine.

Mwaka 1992 kesi ya Eddie Mabo, mtu wa kisiwa cha Mer, ilibomoa uongo wa nchi isiyo na mwenyewe. Majaji walisema haki ya wenyeji ilikuwepo kabla ya Mfalme, haikutoka kwa Mfalme. Na mjue kwamba katika hukumu ile waliegemea pia kesi ya kutoka kwetu Afrika, ya ardhi ya Lagos, ya Amodu Tijani, iliyoamuliwa London mwaka 1921. Mabo mwenyewe hakuisikia hukumu, alikuwa amefariki miezi michache kabla.

Lakini haki hiyo ina sharti: uthibitishe kwamba ukoo wako haujaacha mila na ardhi yake tangu wazungu waje. Wayorta Yorta, Waaborijini wa kusini-mashariki, walishindwa mwaka 2002 kwa sharti hilo. Watu waliohamishwa kwa nguvu, watoto wakachukuliwa, lugha ikapigwa marufuku, wanaambiwa walete ushahidi kwamba hawakukatizwa. Na popote palipokwisha kugawiwa mtu binafsi kwa hati kamili, haki imezimika. Zile eka 30 za mfungwa zinashinda miaka elfu nyingi.

Wanoongar, Waaborijini wa hapa Perth, walipima wakaona mahakama itawachosha. Wakakubali mkataba na serikali ya jimbo, ulioanza kutekelezwa 2021: dola za Australia bilioni 1.3, ardhi, mfuko wao wenyewe. Nao wakaiachia haki yao ya asili. Kituoni kwetu kuna bibi mmoja wa Kinoongar, nilimuuliza kama ameridhika. Akanitazama, akaniuliza kwetu makaburi ya babu zangu yako wapi na kama naruhusiwa kwenda. Nikasema naruhusiwa. Akageukia dirisha, akaomba chai.

—

Mleta mada:

Dada, umenifundisha. Nikitoka hapa nimebadilika mahali pamoja: nilidhani swali ni kuuza au kutouza. Mchangiaji wa pili ana haki kuhusu kijana na nyumba yake, na nisingependa ukoo umzuie. Ila mpangaji aandikiane na wadhamini wa ukoo wake. Ofisa wa serikali atoke katikati. Hapo siyumbi.

Na kwa shemeji, ambaye najua anasoma kimyakimya, nimekuwekea hii. Mwaka 1963 Wayolngu, Waaborijini wa Yirrkala huko Northern Territory, walipeleka Bungeni malalamiko kwenye magome ya mti yaliyochorwa, kupinga mgodi wa boksaiti. Walikwenda mahakamani, wakashindwa 1971. Kijana aliyekuwa mkalimani kwenye kesi ile, Galarrwuy Yunupingu, alikua akafungua ya kwake kudai fidia. Alifariki Aprili 2023. Machi 2025 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kwao ndiyo ya mwisho, ilisema haki ya wenyeji kwa ardhi, kama ile ukoo wake unayoidai, ni mali inayostahili kulipwa fidia serikali ikiichukua. Kiasi hukumu ile haikutaja.

—

Mchangiaji wa pili:

Sawa. Na zikilipwa, zinakwenda kwa nani, kwa bodi au kwa mtu na mtu? Maana hapo ndipo nitakapokurudisha kwenye swali langu.