Nimeachiwa, lakini simu yangu imebaki kwa mpelelezi. Malalamiko nayapeleka wapi?

Jembe Halimtupi
Wakuu, naombeni ushauri. Tafadhali msinitukane, wiki ya pili sasa silali.

Nilikamatwa Ijumaa jioni nikitoka kazini. Walikuwa watatu, wawili wamevaa kiraia. Wakasema nimetajwa kwenye wizi wa pikipiki. Nililala selo siku mbili, hakuna ndugu aliyejua niko wapi, na Jumapili asubuhi nikaachiwa. Simu ikabaki. Mpelelezi anasema ni kielelezo. Kila nikienda ni njoo kesho, na mara ya mwisho ameniambia nikizidi kumsumbua faili litafufuka.

Nataka kumlalamikia. Nianzie kwa mkuu wa kituo, kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), au niende moja kwa moja Tume ya Haki za Binadamu? Barua nimeshaandika, naipeleka Jumatatu. Nawasilisha.

Kisiki
Pole mkuu. Nunua simu nyingine uendelee na maisha. Mimi walichukua kompyuta yangu, nimezunguka miezi saba, nauli niliyotumia ingenunua nyingine. Siku moja nilikaa kwenye benchi pale nje toka saa mbili asubuhi mpaka wanafunga geti, naambiwa mhusika yuko doria. Huyo mhusika nilikuwa namwona dirishani.

Mama Mapacha
Kisiki, ushauri huo ndio unaotufikisha hapa. Leo amenyamaza huyu, kesho ni mwanangu. Nina wavulana wawili wa miaka kumi na tisa, wakichelewa kurudi nusu saa tu mimi sipumui.

Mzee wa Faili
Kijana, ngazi zipo. Mkuu wa kituo, halafu mkuu wa polisi wa wilaya, halafu RPC, mpaka kwa IGP, mkuu wa jeshi zima la polisi. Andika nakala, na kila unapopeleka hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri ni sawa na hukuipeleka.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hapa Tanzania ipo kikatiba na ina sheria yake ya mwaka 2001. Haitozi hata senti, na kama huwezi kuandika unaeleza kwa mdomo, wanaandika wao. Haigusi jambo lililoko mahakamani, kwa hiyo kesi isije ikafunguliwa wewe bado unajiuliza. Watu husema haina meno kwa sababu inatoa mapendekezo. Wakumbuke wanakijiji wa Nyamuma kule Serengeti, waliohamishwa kwa nguvu mwaka 2001. Walianzia Tume, na suala lao lilifika mpaka Mahakama ya Rufani.

Sasa nijibu. Walipochukua simu ulipewa hati ya ukamataji mali? Maelezo uliandika? Na dhamana alisimama nani?

Jembe Halimtupi
Shikamoo mzee. Hati sikupewa. Maelezo niliandika, nikasaini. Dhamana hakuna, niliachiwa tu.

Mzee wa Faili
Marahaba. Hakuna kuachiwa tu. Aliyetoka selo ama amedhaminiwa ama ameonekana hana kosa, na vyote viwili huandikwa. Na kwa kosa kama hilo sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kama haiwezekani mkuu wa kituo aangalie dhamana. Wewe umekaa toka Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Hilo peke yake ni lalamiko, na ni zito kuliko simu. Kwa nini hulitaji?

Njugu Mawe
Mzee unamzungusha. Mkuu, ulitoa shilingi ngapi?

Jembe Halimtupi
Laki moja na nusu.

Sikutaja kwa sababu siyo hoja yangu, hoja yangu ni simu. Aliita hela ya dhamana. Kwenye barua sijaiweka, nimesikia mtoaji naye anashtakiwa. Msinihukumu, ukiwa ndani humo huna akili ya kujadiliana na mtu. Na barua iko vizuri, nina rafiki amekubali kusaini kama shahidi kwamba aliona wakinichukulia simu.

Mama Mapacha
Dhamana haiuzwi! Imeandikwa mpaka kwenye kuta za vituo. Mwanangu, jamani.

Mzee wa Faili
Huyo rafiki alikuwepo?

Jembe Halimtupi
Hakuwepo. Lakini simu kweli waliichukua mzee. Anachosaini ni kitu cha kweli, tofauti ni kwamba hakukiona kwa macho yake. Nisipokuwa na shahidi itakuwa neno langu na neno la askari, na nyote mnajua nani ataaminiwa.

Mzee wa Faili
Ataitwa peke yake chumbani. Ataulizwa gari lilikuwa la rangi gani, nani alikushika mkono, taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Akikosea moja tu, mlalamikaji hayupo tena, kuna watuhumiwa wawili wa kutoa taarifa za uongo. Mpelelezi wako hatahitaji hata kujitetea.

Mkenya Mtulivu
Huku kwetu Kenya tuna IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011. Siyo kwamba kila lalamiko linafika mwisho, lakini angalau unapeleka kwa mtu asiyevaa sare kama ya yule unayemshtaki. Mimi nilipigwa rungu nikiwa naenda dukani. Kilichonisaidia ni kwamba usiku ule ule niliandika namba ya gari na saa. Kumbukumbu ya baada ya wiki mbili haitoshi, ndugu.

Njugu Mawe
Wakuu, samahani, hii ni chai, stori ya kutunga.

Someni bandiko la kwanza. "Hakuna ndugu aliyejua niko wapi." Sawa. Laki na nusu ililetwa na nani? Ukiingia selo unaacha kila kitu kaunta, mpaka mkanda na kamba za viatu. Simu wanayo wao. Hela ilianguka kutoka darini? Nina watu waliokaa ndani kweli, na mmoja hakutoka akiwa na meno yote. Siwezi kuona mtu anatunga juu ya jambo hili nikanyamaza.

Kisiki
Hata mimi nimeshtuka hapo.

Mama Mapacha
Jembe, jibu basi. Sema tu.

Njugu Mawe
Masaa sita kimya. Mods fungeni uzi.

Jembe Halimtupi
Siyo chai.

Aliyeleta hela ni mdogo wangu wa kike. Mpelelezi alinitoa selo usiku wa Jumamosi, akanipa simu yangu niifungue, akampigia yeye mwenyewe. Akamwambia kaka yako anapelekwa gerezani Jumatatu, tuma hela kwenye namba hii. Akatuma. Jina lililotokea kwenye muamala siyo la askari, ni la mwanamke nisiyemjua.

Nimemficha kwa sababu ameomba ajira ya jeshi hilohilo la polisi na majina hayajatoka. Ndiyo ndoto yake toka akiwa darasa la tano. Nikimwandika shahidi nimemmaliza. Ndiyo maana nikatafuta mtu mwingine.

Njugu Mawe
Nimekukosea mkuu. Nakuomba radhi mbele ya wote.

Mzee wa Faili
Kumbe ushahidi unao, tena usiobishana na mtu. Muamala una saa, kiasi, namba na jina, na kumbukumbu iko kwenye laini ya dada yako. Simu yako waendelee kukaa nayo.

Kuhusu hela: ni kweli sheria ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ya 2007 inamgusa mtoaji na mpokeaji. Lakini kudaiwa kwa vitisho ndugu yako akiwa selo siyo sawa na kwenda kununua upendeleo. Hilo alipime mwanasheria kabla hujaandika mstari mwingine. Kama huna hela ya wakili, wasaidizi wa kisheria wanatambulika kwa sheria ya 2017 na hawatozi. Namba ya TAKUKURU ni 113, na ingefaa zaidi kuipiga kabla hela haijatumwa, maana wangeweza kuweka mtego. Yaliyopita yamepita.

Na dada yako umemuuliza anataka nini? Au umemwamulia?

Kisiki
Ile kompyuta yangu sikuieleza vizuri. Nilisaini karatasi sikuisoma, ilisema nimerudishiwa. Niliona aibu kuwaambia.

Jembe Halimtupi
Nimeongea naye usiku. Alilia, akanikasirikia kuhusu yule rafiki kuliko kuhusu ajira. Hajasema ataandika, hajakataa. Kesho tunaenda wote kwa msaidizi wa kisheria. Ile barua sipeleki.

Mzee, swali moja. Taarifa ya miamala naweza kumwombea mimi, au lazima aende mwenyewe?

Mzee wa Faili
Mwenye laini, na kitambulisho chake. Msindikize.