TV ya plasma ya mtumba inchi 42 au LED mpya inchi 43: kwa mazingira ya Mbeya, ipi?

Igawilo_Stendi
Wakuu, heshima kwenu. Mwanjelwa kuna plasma ya Panasonic inchi 42, mtumba, bei yake karibu nusu ya LED mpya ya inchi 43. Chaguo la tatu ni LED mpya ya inchi 32. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, umeme wa TANESCO unayumba jioni, na kuna sola ndogo: betri moja ya 100Ah na inveta. Matumizi ni taarifa ya habari na mpira, saa tano hivi kwa siku. Wenye utaalamu, ipi inafaa, na ikifika nyumbani inafungwaje?

FundiKabwe
Mkuu, anza na umeme, maana huko ndiko utakakoumia. Plasma ya 42 hula kama wati 250 kwa picha za kawaida, na inapanda skrini ikiwa na weupe mwingi. LED ya 43 piga wati 60 hadi 80. Kwa saa tano, plasma ni uniti 1.25 kwa siku, yaani 37.5 kwa mwezi. LED ya wati 60 ni uniti 9. Kama uko kwenye lile kundi la bei nafuu, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, plasma peke yake imekumalizia nusu, bado pasi na friji.

Kwenye sola ndiyo usiiwaze kabisa. Betri ya 100Ah volti 12 ni wati-saa 1,200. Tumia nusu tu ili isife mapema, toa na zinazopotea kwenye inveta, unabaki na 510 hivi. Plasma inakaa saa mbili, dakika tisini za mpira na uchambuzi kidogo. LED ya wati 60 inafika saa nane.

Ugonjwa mkubwa wa LED ni taa za nyuma: sauti ipo, picha hakuna. Mulika tochi karibu na kioo, kwa pembeni. Ukiona picha hafifu inatembea, paneli, yaani kioo cha picha, ni nzima, taa ndizo zimekufa. Badilisha seti yote ya vipande vya taa, si kimoja, kwa sababu vilivyobaki navyo vimechoka na vitafuata. Na tangu siku ya kwanza shusha mwanga wa nyuma hadi 60. Zinatoka kiwandani zikiwa 100 ili zivutie dukani, na joto hilo ndilo linaloziua.

Plasma ikifa mara nyingi ni bodi ya pawa au bodi za kuendesha paneli. Hakuna anayezitengeneza sasa: Panasonic waliacha mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakaacha 2014. Kipuri utakitoa kwenye TV nyingine iliyokufa.

Mlandege_Iringa
Kamwene wakuu. FundiKabwe umeizika plasma ingali hai! Kwenye mpira, LED ya bei rahisi inaacha mkia nyuma ya mpira unaokimbia, plasma haiachi. Nyeusi yake ni nyeusi kweli, na aliyekaa kwenye kiti cha pembeni anaona rangi zilezile. Shida ni kioo chake kinaakisi dirisha, kwa hiyo pazia ni lazima mchana.

Mkuu wa Igawilo, kabla hujatoa hela fanya hivi. Nenda na flashi yenye picha tupu za rangi moja moja: nyeupe, kijivu, nyekundu. Iwashe TV nusu saa ipate joto, maana mbovu nyingi hujificha zikiwa za baridi. Weka kijivu, tazama pembe za juu: nembo ya kituo ikionekana kama kivuli, imeshaganda na haitoki yote. Weka nyeupe, usogeze sikio usikie kama inavuma. Jaribu tundu kila moja la HDMI. Taa nyekundu ikipepesa na TV inagoma kuwaka, hiyo ni namna yake ya kutaja kosa, iache hapohapo hata kama muuzaji anasema ni rimoti.

Kitulo_Juu
Hapo kwenye sikio naomba niongeze, kwa sababu huku kwetu ndilo jambo lenyewe. Paneli ya plasma ni vioo viwili vyenye vijumba vya gesi katikati, neoni na zenoni, kwa shinikizo la chini kuliko hewa ya nje. Hewa ya nje ndiyo inayovibana vioo vishikane. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, vioo vinalegea na kuanza kutetema. Mvumo unaosikika si spika, ni kioo.

Miongozo mingi ya watengenezaji huweka mwisho kati ya mita 2,000 na 2,400. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Iringa 1,600 hivi, kwa hiyo mko ndani, ingawa mvumo mdogo kwenye picha nyeupe unaweza kuusikia. Kitulo na vijiji vya juu vya Makete msihangaike nayo. Kyela kule chini mvumo si tatizo, ila joto la kule na joto la plasma ni mashemeji wasioelewana. LED haijali mwinuko wowote kati ya hiyo.

Mama_Soweto
Ukiichukua, kaka, isafirishwe imesimama wima, kioo kimeegemea godoro, watu wawili wameishika. Ina kilo 25 hadi 30. Ukiilaza kwenye bajaji, shimo la kwanza tu linaweza kukipasua kioo kwa uzito wake mwenyewe. Ikifika usiiwashe. Miezi ya Juni na Julai kioo kinaingia ndani kikiwa baridi, unyevu unatulia kwenye bodi, kwa hiyo ipe saa mbili au tatu.

Acha sentimita 10 pembeni na juu. Jiko la mkaa la kuotea lisiwe sebuleni hata kidogo: majivu yanaziba matundu ya nyuma, na moshi wake unaua watu, achilia mbali TV.

Kwenye menyu toka hali ya Dynamic, weka ya sinema, kontrasti 50 hadi 60, na uwashe Pixel Orbiter kama ipo, ile inayosogeza picha kidogo kidogo isigande. Zile saa 100 hadi 200 za kwanza za kuiogopa picha isigande ni za paneli mpya, hii imeshazipita. Bado usiache chaneli moja yenye nembo siku nzima, wala picha yenye mistari myeusi pembeni; weka 16:9. Kufuta ni kitambaa laini kikavu, dawa za vioo zinaondoa ile ngozi ya kuzuia mng'ao.

Igawilo_Stendi
Ndaga fijo. Stabilaiza ya ukubwa gani? Na king'amuzi naunga kwa nini?

FundiKabwe
Plasma chukua VA 1,000 (VA ni kipimo cha mzigo inaoubeba), kwa sababu stika yake ya nyuma inaweza kufika wati 400 na stabilaiza za bei rahisi hazifikii kilichoandikwa. LED VA 500 inatosha. Iwe ya kuchelewesha dakika tatu kabla ya kupitisha umeme, maana ukirudi huja na mshtuko.

King'amuzi tumia HDMI, zile waya tatu za rangi zinaharibu picha. Plasma nyingi za 42 ni za nukta 1024 kwa 768, weka king'amuzi kwenye ukubwa wa picha wa 720p. Cha ndani ya TV kisahau, plasma za miaka ile nyingi hazipokei DVB-T2, mfumo wa dijitali wa antena.

Kuanzia Novemba radi zikianza, kung'oa plagi peke yake hakutoshi. Ng'oa na waya wa dishi: shoti inashuka kwenye waya huo, inapita king'amuzi, inaingia HDMI na kuua bodi kuu, stabilaiza ikiwa salama kabisa.

Mlandege_Iringa
Ukutani kwa tofali za kuchoma usitoboe kwenye udongo wa kiungio, toboa katikati ya tofali, plagi za milimita 10 na skrubu ya kuzidi sentimita 6. Kama ukuta umejengwa kwa udongo bila saruji, plasma iweke mezani. LED ya 43 ina kilo chini ya 10, hiyo utaining'iniza.

FundiKabwe
Na ukimwita fundi kwenye plasma, asiifungue ikiwa imetoka kuzimwa. Ndani kuna karibu volti 200 zinazobaki kwenye kapasita, vile vipuri vinavyohifadhi umeme, hata plagi ikiwa mkononi.