Mjadala: Kumsifu kijana wa sekondari kunamjenga au kunamlegeza?

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro
Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mimi ni mwalimu wa darasa, kidato cha pili. Mwanafunzi wangu mmoja alipata alama 18 za Hisabati mwezi Machi, na Juni akapata 34, yaani ametoka F kwenda D. Kwenye ripoti yake, pale ambapo wengi wetu huandika "Ongeza bidii" kisha tukagonga mhuri, niliandika: "Amepanda alama 16. Sasa anaonyesha njia hatua kwa hatua, na milinganyo ameielewa." Baba yake aliirudisha ripoti mwenyewe hadi ofisini, akaniambia kuwa D haisifiwi, na kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, anatazama viatu vyake. Je, nilikosea?

Mzazi wa Wanne, Dodoma
Mwalimu, nakuheshimu, lakini mzazi huyo namuunga mkono. Sisi tulilelewa bila kusifiwa na tukafika tulipofika. Nilipompelekea baba yangu nafasi ya tatu, aliniuliza kama wale wawili walionizidi wana vichwa viwili, na muhula uliofuata nikawa wa kwanza. Kijana wa miaka 15 ukimwambia amefanya vizuri kwa alama 34, umemwonyesha pa kupumzikia. Na nitasema jambo litakalowaudhi baadhi: wapo walimu wanaosifia kwa sababu kufundisha kumewashinda, na sifa haina gharama.

Mtoto wa Mgema, Pangani
Naomba niitetee methali hiyo, maana inatumika vibaya, na marehemu baba yangu alikuwa mgema. Alikwea alfajiri na jioni, kotama kiunoni, akilichonga karara la mnazi kidogo kidogo ili liendelee kutoa tembo. Wapo waliomwambia, "Mzee, mgema wa mji huu ni wewe," kabla hata hawajaonja. Hao ndio wa kutiliwa maji. Lakini alikuwapo mmoja aliyeonja kwanza, akanyamaza, kisha akasema, "Hili la leo ni tamu, la juzi lilikuwa limeshaanza kuchacha." Huyo baba hakuthubutu kumchezea hata siku moja. Mwalimu ameonja ndipo akasema. Na hilo neno kidato, kabla halijawa la shule, ni lile pengo linalochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Hakuna afikaye kwenye karara bila kukanyaga cha pili.

Mzazi wa Wanne, Dodoma
Ndugu wa Pangani, methali haisemi "akisifiwa na asiyeonja". Inasema akisifiwa, basi. Tukianza kuiongezea maneno, kila mtu ataigeuza impendeze yeye. Waliotuachia "samaki mkunje angali mbichi" hawakusema tumkunje kwa kumbembeleza.

Bibi wa Wajukuu Saba, Tanga
Na ni hao hao waliosema mcheza kwao hutuzwa, na chanda chema huvikwa pete. Kwetu mwimbaji wa taarabu hutuzwa akiwa bado anaimba. Hatungoji ashuke jukwaani ndipo tumfuate nyumbani kwake. Mwanangu, usichague methali zenye fimbo peke yake ukasema wahenga ndio hao.

Mlezi, Nairobi
Mimi ninachokihofia ni sifa za hadharani. Tanzania mliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora, nadhani mwaka 2021, na kwetu Kenya wizara ilifuta upangaji wa namna hiyo mwaka 2014, kukazuka ubishi mkubwa. Ukimpandisha mmoja jukwaani kila mwaka, waliokaa chini wanajifunza kwamba sifa si mali yao.

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro
Ilikuwa Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Lakini narudi kwa ndugu wa Dodoma, kwa sababu neno lake limenichoma. Darasani nina wanafunzi 68. Kuandika "Ongeza bidii" mara 68 ni kazi ya nusu saa. Kugundua kwamba huyu mmoja ameacha kusahau kubadili alama ya kutoa anapohamisha namba upande wa pili, kulinichukua jioni tatu za kusahihisha madaftari. Unasemaje kwamba haina gharama? Wala sikumwambia kuwa ana akili. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa shule: waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walivunjika moyo upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi, na wengi zaidi kati yao wakadanganya kuhusu alama walizopata. Mimi nimesifu kazi.

Mzazi wa Wanne, Dodoma
Hao walikuwa watoto wa miaka kumi au kumi na moja, tena wa Marekani. Wako ni kijana anayeota ndevu.

Kijana wa Miaka 19, Mbeya
Shikamooni wakubwa. Nawasoma tangu asubuhi. Baba yangu hajawahi kuniambia kuwa nimefanya vizuri. Nilipofaulu kidato cha nne kwa divisheni ya pili alisema "sawa", akaendelea kusikiliza taarifa ya habari. Miezi minane baadaye, tukiwa msibani, shangazi aliniambia kwamba usiku ule ule baba alimpigia simu akamsomea alama zangu zote, somo kwa somo, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nililia kuliko nilivyomlilia marehemu. Wakati huo nilikuwa nimeshaikataa tahasusi ya sayansi, kwa kuamini kwamba baba ananiona sijiwezi.

Bibi wa Wajukuu Saba, Tanga
Marahaba mjukuu wangu. Pole sana.

Mzazi wa Wanne, Dodoma
Marahaba kijana wangu. Mimi nami wanangu huwasifia kwa kaka yangu, na hujitahidi wasinisikie. Bado nasema D si ya kushangilia. Ila nakuuliza, maana nina wa kidato cha tatu hapa nyumbani: ungependa baba akuambie mbele ya watu, au mkiwa wawili?

Kijana wa Miaka 19, Mbeya
Tukiwa wawili, baba. Na anisomee kama alivyomsomea shangazi, somo kwa somo, hata yale niliyoanguka.

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro
Ripoti bado iko mezani pangu, haijatiwa sahihi ya mzazi. Sentensi yangu siifuti. Kesho nitamwomba yule baba aje peke yake, nimfungulie daftari la Machi na la Juni, tuyapitie maswali pamoja, yeye na mimi, ukurasa kwa ukurasa.