Kitovu cha mtoto mchanga: kukiacha kikavu, jeli ya klorheksidini, au spiriti?

Bint_Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Kuna mwana kazaliwa juzi hospitalini hapa Amu (Lamu), na kila ajaye kumtazama ana dawa yake ya kitovu. Bibi ataka samli na wanja. Jirani asema spiriti mara tatu kwa siku. Wauguzi wamesema kisipakwe kitu, na duka la dawa wauza jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Naomba wajuzi mtulinganishie: kipi chaanguka mapema, kipi chazuia maradhi, na kipi kina hatari yake?

Mkunga_Mkomani
Aleikum salaam dada. Mwana aliyezaliwa hospitalini, kitovu kikakatwa kwa chombo safi na kubanwa kwa klipu, kiacheni kikavu. Ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani pia.

Lakini kikavu hakina maana ya kukisahau. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa. Ukingo wa mbele wa nepi uukunje ushuke chini ya kitovu, na mwana wa kiume umwelekeze uume chini kabla ya kufunga, maana mkojo ndio unaorudisha unyevu kila mara. Kikichafuka kwa kinyesi, chukua maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni kidogo, pitisha pamba kuzunguka shina pale kinapokutana na ngozi, kisha kausha kwa pamba nyingine. Usimfunge leso tumboni: joto letu na jasho chini ya kitambaa ni makazi mazuri ya vijidudu.

Kitageuka kahawia, halafu cheusi, na kuanguka baina ya siku ya 5 na ya 15. Kisivutwe hata kikining'inia kwa uzi mmoja. Matone machache ya damu kwenye nepi si kitu. Damu isiyokoma baada ya kubana kwa kitambaa safi kwa dakika 10, mpelekeni.

Dawa_Malindi
Naongeza upande wa dawa. Kitovu hakianguki kwa kukauka tu. Chembe nyeupe za damu na bakteria wa kawaida wa ngozi ndio wanaolainisha kiungo chake hadi kiachie. Ukiwaua bakteria hao, kinachelewa. Kwa hiyo spiriti na klorheksidini zote mbili huchelewesha, wala msidhani jeli imeshindwa kazi kitovu kikikaa siku kadhaa zaidi.

Tofauti yao ni hii. Spiriti haijaonyesha faida kuliko kuacha kikavu, na ngozi ya mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, huungua nayo. Kwangu mimi haina nafasi hapa. Klorheksidini ya asilimia 7.1 huzuia maambukizi kwa kweli, ila faida yake iko pale ambapo watu wamezoea kupaka vitu vya hatari kama mavi ya mnyama. Hupakwa mara moja kwa siku kwa wiki ya kwanza, kuanzia ndani ya saa 24: ncha iliyokatwa, kipande chote, shina na ngozi inayolizunguka. Acha ikauke, usifunike.

Tafadhali sana: isiingie machoni. Tyubu yake hufanana na ya dawa ya macho wanayopewa watoto wachanga, na kukosea huko kumeharibu macho ya watoto katika nchi kadhaa. Zihifadhini mbalimbali. Ikiingia, osheni jicho kwa maji safi mengi papo hapo na mkimbilie hospitali.

Nahodha_Faza
Huko visiwani wapo wanaojifungulia nyumbani, na hapo hesabu ni nyingine. Wembe mpya usiofunguliwa, uzi safi, na jeli kama ipo. Samli, majivu, wanja na udongo vyote viwekwe mbali. Mbegu za pepopunda hukaa ardhini na katika mavi ya wanyama, na sisi vichochoro vyetu vimejaa punda. Wanja nao huweza kuwa na madini ya risasi (ledi). Mama apate chanjo ya pepopunda akiwa mjamzito, kwani kinga hiyo humfikia mwana kabla hajazaliwa.

Na msingoje maji kujaa mkiona haya: wekundu unaosambaa kwenye ngozi, usaha, harufu kali, tumbo gumu, joto la 37.5 au zaidi, mwili kuwa baridi chini ya 35.5, kukataa kunyonya, au kukakamaa. Mishipa ya kitovu haijaziba bado, hivyo maambukizi huingia moja kwa moja kwenye damu. Tafuteni boti saa hiyo hiyo.

Bint_Langoni
Ahsanteni sana. Kikishaanguka, pakibaki kinyama chekundu chenye majimaji? Na kitovu kikitokeza nje, kweli sarafu yasaidia?

Mkunga_Mkomani
Kinyama hicho ni cha kawaida. Zahanati hukigusa kwa kijiti cha silva naitreti, dawa ya kukiunguza. Chumvi ya mezani pia hutumika: kiasi cha kukifunika, weka shashi juu kwa dakika 10 hadi 30, osha, mara mbili kwa siku kwa siku mbili tatu. Lakini kwanza mhudumu akione, kwa sababu kuna uvimbe mwingine wa utumbo unaofanana nacho. Na maji meupe yakitoka bila kukoma, huenda ni mkojo kutoka kwenye njia ya kibofu ambayo haikufunga. Hiyo haitibiwi kwa chumvi.

Kutokeza ni ngiri ya kitovu: msuli wa tumbo haujajifunga. Nyingi hujifunga zenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Sarafu haifungi msuli, huchubua ngozi na kushika jasho. Jaribuni kuibonyeza kwa wororo mwana akiwa ametulia. Ikirudi ndani, muacheni. Ikiwa ngumu, imebadilika rangi, hairudi, naye alia na kutapika, utumbo umenaswa na ahitaji daktari wa upasuaji usiku huo huo.