Kofia imekwama tangu mwenzangu ahamie Malindi. Nyinyi mnamjibu nani?

BintiLangoni
Assalaam alaykum. Naomba rai zenu, najua humu wamo wenye kazi za mikono.

Nashona kofia za vito hapa Langoni, Lamu. Kwa asiyejua, unachora maua kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, unatoboa vijitundu, kisha kila kitundu unakizungushia uzi kwa sindano mpaka ua lisimame. Kofia moja nzuri hula miezi miwili, hata minne ukiwa na watoto.

Miaka sita nilishona na somo yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kila siku baada ya Alasiri huja na kikapu chake, na kabla hajakaa husema, "Lete niione." Haulizi nimefika wapi. Huipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole upande wa ndani, na akikuta kitundu nilichokiharakisha hunirudishia kofia bila neno. Nami nafumua. Miaka ile sikukosa kumaliza kofia tatu kwa mwaka.

Mwaka jana mumewe alipata kazi Malindi, wakahama. Tangu hapo nina kofia moja tu, imefika nusu, imefungwa kitambaani juu ya kabati. Juzi niliifungua, nikakuta sindano niliyoichomeka tangu Ramadhani imeshika kutu kwa hii hewa ya bahari, na imeacha doa kwenye ua. Nililia. Kofia yenyewe ni ya mdogo wangu wa kiume, nataka aivae Mfungo Sita kwenye zefe, yaani maandamano ya Maulidi, pale Msikiti wa Riyadha.

Si uvivu, wallahi. Mahamri nayakaanga kila alfajiri na sijakosa hata siku moja, kwa sababu saa kumi na mbili watoto wa watu wako mlangoni na vibakuli. Kofia haina mtu mlangoni. Nyinyi mnaofanya kazi ndefu peke yenu, mnamjibu nani? Na mlimpataje?

Mchongaji
Wa alaykum salaam, dada. Mimi nachonga milango. Dawa yangu ni arbuni. Mteja akishatoa nusu na mbao ikishaletwa, usingizi wenyewe unapungua. Mwambie mdogo wako atoe chochote.

BintiLangoni
Ahsante kaka. Arbuni niliwahi kuchukua, kofia ya bwana harusi. Pesa zikaingia kwenye karo, na nikawa nazunguka uchochoro wa nyuma nisikutane na mamake bwana harusi. Kofia niliimaliza usiku wa kuamkia harusi, na vitundu vya mwisho mpaka leo vinaniuma nikivikumbuka. Pesa ilinifanya nimkimbie mtu. Somo yangu alinifanya nikae.

Ami_wa_Jeti
Piga picha uweke humu kila Ijumaa, sote tutakuuliza.

BintiLangoni
Ami, nashukuru kwa moyo wako. Ila picha inaonyesha nje tu. Mtaniambia hongera, na hongera nitazipokea hata wiki niliyoshona ovyo.

MamaShelaMalindi
Mwanangu, mimi sishoni, lakini jambo lako nalijua. Nina sukari. Daktari aliniambia nitembee kila siku, na peke yangu nilifika siku tisa. Sasa tunatembea na jirani yangu, kutoka kwetu Shela ya huku Malindi mpaka Mnara wa Vasco da Gama na kurudi. Hajui lolote la sukari, wala hanihimizi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri amesimama langoni kwangu na buibui lake, gizani, na bila mimi haendi, maana anaogopa mbwa wa ufukweni. Siku ninayotaka kulala ndilo ninalolifikiria, kwamba yule mama amesimama pale. Huyo somo yako yuko mji huu huu ninaokaa. Umemuuliza yeye anashona na nani?

BintiLangoni
Mama, swali lako lilinikosesha usingizi. Sikuwahi kumuuliza. Kila akipiga simu ananiuliza watoto, nami namuuliza watoto.

Jana nilimpigia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kikapu chake hakijafunguliwa tangu siku waliyovuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara. Ana kofia imebaki sehemu ya juu tu. Mwaka mzima kila mmoja wetu alidhani mwenzake anaendelea.

Nikamwambia tuonyeshane kwa simu za video, akakataa. Alisema, "Kidole changu hakipiti kwenye simu." Basi tumekubaliana hivi: kila mwisho wa mwezi natuma kofia yangu kwa basi kutoka Mokowe, naye ananitumia yake. Inakaa kwa mwenzake siku tatu, inakaguliwa ndani na nje, palipoharakishwa panafungwa uzi mwekundu, inarudi. Ikifika bila kazi mpya, aliyeipokea ataiona kwa macho yake.

Doa la kutu ameniambia nilipake ndimu na chumvi, niianike juani. Iko darini, juu ya nyumba, sasa hivi tangu saa nne, na mwanangu mkubwa anailinda na kunguru. Uzi mpya nimenunua. Basi la kwanza ni Jumamosi ya wiki ijayo, na kabla ya hapo nataka niwe nimemaliza ua lile lenye doa, maana najua ndipo atakapoanzia kupitisha kidole.